Dalili za PG iliyoharibika, na kosa lisiloonyesha dalili

Propilini glaikoli, ambayo madukani na kwenye karakana zetu tunaiita PG tu, ni kimiminika kipole. Haina harufu ya kukera, haishiki moto mpaka ipashwe hadi karibu nyuzi joto 100, na imeruhusiwa hata kwenye chakula kwa namba E1520. Upole huo ndio unaotuponza. Tindikali tunaifungia kabatini na spiriti tunaiweka mbali na jiko, lakini dumu la PG utalikuta chini ya ngazi, kizibo kimelegea, lebo imefutwa na mikono yenye mafuta.

Kazi yangu ni losheni, jeli za nywele na viyeyushi vya manukato, na nafanyia Dar es Salaam, mahali ambapo chumvi ikiachwa wazi usiku asubuhi imelowa. Nayaandika hapa matatizo niliyokutana nayo na yale niliyoitwa kuyatazama kwa wenzangu. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu dalili ndiyo inayokufikia kwanza, chanzo unakitafuta.

Jambo moja ulishike kabla hujafungua chombo chochote: myeyusho hufuata tabia ya mkali aliyemo ndani yake. PG iliyochanganywa na spiriti nyingi utaitunza kama spiriti, maana mvuke wake unashika moto kwenye joto la kawaida la chumba. PG yenye asidi ya salisiliki utaishika kama asidi. Kwa hiyo swali la "PG inatunzwaje?" linaanza na swali jingine: ndani yake kuna nini?

Kuna nyuzi zinazoyumba, au harufu ya maji ya maua

Chukua chupa safi ya kioo, mimina kidogo, ielekeze dirishani na uizungushe taratibu. Myeyusho mzima hupita kwenye kioo kama maji ya sukari. Ulioingiliwa huonyesha nyuzi nyembamba zinazoyumba kama kamasi, na ukifungua kizibo unapokewa na harufu ya maji ya maua yaliyokaa wiki nzima mezani.

Angalia kwanza kiwango. Wengi wanaamini kwamba PG hujihifadhi yenyewe. Ni kweli ikiwa nyingi: kuanzia asilimia 30 hivi kwenda juu, vijidudu vingi hushindwa kuzaliana kwa sababu maji yaliyobaki huru hayawatoshi. Chini ya asilimia 20 mambo yanageuka. PG inakuwa chakula chao, na kwa joto letu wanashiba na kuongezeka haraka sana. Losheni yenye PG asilimia 5 inahitaji kihifadhi kamili kama vile PG haimo kabisa.

Kisha uliza maji yalitoka wapi. Mimi mwenyewe niliwahi kuchanganya lita 20 za myeyusho wa asilimia 10 siku ya Ijumaa, nikachota maji ya simtanki kwa kuwa yaliyochemshwa yalikuwa yameisha. Nikajiambia kihifadhi nitaweka Jumatatu. Jumatatu umeme ukakatika, Jumanne nikasafiri. Niliporudi wiki iliyofuata, ukuta wa dumu kwa ndani ulikuwa unateleza kidoleni kama samaki. Lita zote 20 zilipotea, na dumu lenyewe sikulirudisha kazini.

Chanzo cha tatu ndicho ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote: kuongezea juu. Dumu linabaki na robo, mtu analijaza myeyusho mpya bila kuosha. Robo ile ya zamani inakuwa hamira. Maliza chombo, kioshe kwa maji ya moto, kikaushe kabisa, ndipo ukijaze tena.

Usijaribu kuuokoa myeyusho kwa kuuchuja. Kitambaa kinaondoa nyuzi unazoziona, bakteria wanapita. Kuuchemsha nako kunaua wadudu lakini hakuondoi uchafu waliouacha, na kitu cha kupakwa mwilini hakistahili bahati nasibu ya namna hiyo.

Na usiumwage mferejini. PG si sumu kali kwa samaki, ila kuoza kwake kunanyonya hewa ya maji: kilo moja ya PG huhitaji takribani kilo 1.7 za oksijeni ili iishe. Mto mdogo au bwawa la jirani halina akiba hiyo, na samaki wanakufa kwa kukosa pumzi. Kikombe kimoja cha kuosha vyombo kinaweza kwenda na maji mengi kwenye mfumo wa majitaka. Madumu mazima unayakusanya na kuyakabidhi kwa mwenye kibali cha taka za kemikali.

Nguvu imepungua na hakuna aliyeongeza maji

Dalili hii inaleta ugomvi karakanani. Kipimo kinaonyesha PG ni pungufu, mwenye stoo anaapa hajagusa, na kijana wa zamu anaangaliwa kwa jicho baya. Mara nyingi hakuna mwizi. Maji yameingia yenyewe, kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni hewa. PG huvuta unyevu. Dumu lililoachwa wazi usiku mmoja wa masika pwani litakunywa maji ya kutosha kuonekana kwenye kipimo. Faneli iliyosahaulika mdomoni mwa dumu ni mlango wazi.

Njia ya pili inawashangaza watu: pipa linahema. Pipa la lita 200 likisimama nje, mchana jua linaipasha hewa ya ndani, hewa inatanuka na kupenya kwenye nyuzi za kizibo. Mvua ya jioni inatuama juu, kwenye kile kisahani cha mfuniko chenye ukingo. Usiku pipa linapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na pipa linavuta kilichopo karibu na kizibo, yaani maji ya mvua. Likirudia hivyo msimu mzima, lita za maji zinaingia bila mtu kugusa kitu, tena pamoja na kutu na vumbi la juu.

Dawa yake ni kulihamishia ndani. Kama nafasi hakuna, lilaze ubavu na ulikingie magogo lisibingirike, vizibo vyake viwili viwe kwenye mstari mmoja wa ulalo, kushoto na kulia, ili kimiminika cha ndani kivifunike na kisiache hewa ya kuhema. Likilazimika kusimama, liinamishe kidogo kwa kipande cha ubao ili maji yakusanyike upande usio na kizibo, au lifunike kwa turubai. Pipa lililokwisha kufunguliwa halina haki ya kukaa nje hata siku moja.

Kuhusu kupima: mizani haitakusaidia hapa. Lita moja ya PG safi ina uzito wa kilo 1.036, na ukiichanganya na maji uzito huo haushuki moja kwa moja kama unavyotarajia. Unapanda kidogo kwanza, ndipo ushuke. PG iliyoingiliwa na robo ya maji inaweza kupita mizani ikionekana kamili. Tumia rifraktomita, kifaa kinachopima jinsi kimiminika kinavyopinda mwanga. Ile ndogo ya mkononi huishia 32 kwenye kipimo chake cha sukari na PG kamili inavuka hapo, hivyo punguza sampuli: sehemu moja ya PG kwa sehemu tatu za maji yaliyotoneshwa, kwa uzito. Fanya vilevile kwa sampuli ya pipa unaloliamini, linganisha namba mbili. Ile iliyo chini ndiyo iliyokunywa maji.

Imegeuka njano

PG safi haina rangi. Njano hafifu yenye harufu ya uchachu ni oksijeni imefanya kazi yake: kwa joto na hewa, PG huoksidika na kuzaa asidi, zikiwemo za laktiki na asetiki. Weka tone la myeyusho uliopunguzwa nusu kwa maji kwenye karatasi ya pH, ile inayopima uchachu. Mpya itakuwa karibu na 7. Iliyochoka itakuwa imeshuka.

Tafuta nani aliipasha. Hita ya kuchovya moja kwa moja ndani ya dumu ndiyo mkosaji wa kawaida, maana pale chuma kinapogusana na kimiminika joto ni kali kuliko unavyosoma kwenye kipimajoto. Pasha kwa sufuria ndani ya sufuria yenye maji, koroga, usivuke nyuzi 60 bila sababu.

Njano inayoelekea wekundu ni kutu. Pipa la chuma hupakwa rangi maalumu kwa ndani, na mrija wa pampu ukiikwaruza, chuma kinabaki uchi. Hamishia kilichobaki kwenye dumu zito la plastiki, lile jeupe linaloandikwa HDPE, au kwenye chuma cha pua. Usitumie ndoo wala bomba la mabati: zinki haipatani na miyeyusho ya glaikoli, hasa ile ya mashine za kupoozea ambayo huwekewa dawa ya kuzuia kutu.

PG iliyochacha usiipeleke kwenye ngozi ya mtu, hata kama losheni itaficha rangi yake.

Maziwa au sindano nyeupe baada ya kuchanganya

Hii mara nyingi ni parabeni, yaani kihifadhi chetu, imekataa kubaki kwenye maji. Tunaiyeyusha kwenye PG ya vuguvugu, inapotea vizuri, kisha tunaimwaga yote kwa mkupuo kwenye maji baridi. Propilparabeni haiyeyuki kwenye maji zaidi ya takribani gramu 0.4 kwa lita, basi inajitenga papo hapo, na kesho yake utakuta sindano zimekaa chini. Ubaya wake ni kwamba kihifadhi kilichokaa chini hakihifadhi kilicho juu. Unarudi kwenye tatizo la kwanza ukidhani uko salama.

Pasha tena taratibu mpaka sindano zipotee, kisha koroga huku maji yakiwa nayo ya moto, ukimimina kama uzi mwembamba. Zikirudi baada ya kupoa, kipimo chako ni kikubwa. Rudi kwenye mizani. Mchanganyo wa kawaida ni methilparabeni asilimia 0.18 na propilparabeni 0.02.

Dumu limebonyea, au lina jasho kwenye kizibo

Kubonyea ni kwa sababu ulijaza PG ikiwa ya moto ukafunga. Acha ipoe kwanza. Jasho la kizibo ni tabia ya glaikoli: hupenya kwenye nyuzi ambazo maji yangezuiwa. Badilisha mpira wa kizibo, futa, weka dumu ndani ya beseni. Ikimwagika sakafuni, sambaza mchanga mara moja, maana vigae vyenye PG vinaangusha mtu kama barafu. Zoa, kisha osha kwa sabuni. Wenye paka wasiache dimbwi lake sakafuni: inaharibu seli nyekundu za damu ya paka, na Marekani iliipiga marufuku kwenye chakula cha paka mwaka 1996.

Mikono inawasha

Anayeshika PG kila siku bila glovu hukaukiwa ngozi, wengine hupata wekundu na upele. Ni jambo linalojulikana; madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani waliitaja PG kuwa kizio, yaani kisababishi cha mzio, cha mwaka 2018. Glovu za nitraili zinatosha. Ikirukia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kusugua. Mteja akilalamika kuwashwa, mpunguzie PG au mwachishe bidhaa, usimwambie atazoea.

Rafu inatoa joto, moshi, au harufu ya klorini

Toka kwanza. Usisogee kutazama.

PG haiwaki kirahisi kwa kiberiti, lakini ikikutana na kioksidishaji kikali, yaani kemikali inayochochea vitu kuwaka, haihitaji kiberiti. Klorini ya unga, ile kalsiamu haipokloraiti ya mabwawa na visima, ikidondokewa na glaikoli hukaa kimya kidogo kana kwamba hakuna kitu, kisha inalipuka moto. Potasiamu pamanganeti ina tabia hiyohiyo. Asidi ya naitriki na hidrojeni peroksaidi kali ziweke kwenye orodha hiyo.

Niliwahi kuitwa kutazama stoo ya rafiki yangu kabla hajahamia. Rafu ya juu: ndoo tatu za klorini ya unga, mfuniko wa moja umepasuka. Rafu ya chini yake, kwa mpangilio mzuri kabisa: madumu manne ya PG, moja na jasho shingoni. Kati yao palikuwa na ubao wenye nyufa. Unga mweupe ulikuwa tayari umeanguka kama chumvi juu ya bega la dumu, sentimita chache kutoka kwenye jasho lile. Tulihamisha klorini kwanza, kwa mikono mikavu, hadi chumba kingine chenye mlango wake.

Mpangilio wa alfabeti au wa ukubwa wa vyombo ni hatari stoo. Panga kwa uadui: vioksidishaji chumba chao, vimiminika vinavyowaka chumba chao. Kama chumba ni kimoja, hama na kimojawapo; usitegemee rafu.

Moto wa klorini usiuendee na kizimamoto cha unga cha kawaida, kwa kuwa unga wa ABC una amonia inayogombana na klorini. Hamisha watu upande upepo unakotoka, piga 114 kwa Tanzania, na useme wazi kwamba kuna klorini ndani.

Haina kosa lolote

Rangi safi, haina harufu, haina nyuzi, pH 7. Hapa ndipo ninapoogopa, na ningependa msomaji aogope pamoja nami.

Ethilini glaikoli na daiethilini glaikoli ni ndugu wa PG kwa sura. Nazo hazina rangi, ni nzito kidogo, zina utamu. Ni za kupoozea injini na kazi za viwandani, na bei yake ni nafuu. Ndani ya mwili zinaua figo. Mwaka 1937 Marekani, dawa ya maji iliyoyeyushwa kwa daiethilini glaikoli iliua watu zaidi ya 100. Nigeria, mwaka 2008 hadi 2009, dawa ya watoto wanaoota meno iliua watoto zaidi ya 80. Kiyeyushi kilichonunuliwa kwa jina la propilini glaikoli kilikuwa na daiethilini glaikoli. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji Gambia, baada ya watoto wasiopungua 66 kufa. Mwaka huohuo Indonesia ilipoteza watoto zaidi ya 200, na wachunguzi wakakuta mapipa yenye lebo ya PG yakiwa na kitu kingine ndani.

Wakati mmoja nilikwenda dukani kununua lita 20. Muuzaji akaleta dumu lisilo na alama, amelifuta vumbi vizuri.

"Kaka, naomba nilione pipa lilikotoka."

"Dada yangu, PG ni PG. Wewe itazame tu ilivyo nyeupe."

Sikununua. Huenda ilikuwa PG njema kabisa, ila yeye na mimi hatukuwa na namna ya kujua kwa kuitazama.

Unaweza kufanya jaribio la kukataa. Pima chupa ya ujazo ya mililita 100 ikiwa tupu, ijaze hadi mstari kwenye joto la nyuzi 20 hivi, pima tena. PG itatoa gramu 103.5 hadi 103.7. Ethilini glaikoli itakaribia 111, na daiethilini glaikoli itazidi hapo kidogo. Ukipata 108, rudisha dumu.

Lakini ukipata 103.6 usishangilie. Kiwango kinachoruhusiwa cha kila moja ya sumu hizo mbili kwenye PG ya dawa ni asilimia 0.10. Hata asilimia 1, ambayo ni mara kumi ya kiwango, inaongeza gramu 0.07 au 0.08 tu kwenye chupa yako. Kosa dogo la kusoma mstari linaifunika. Rifraktomita nayo ni kipofu hapa, maana ethilini glaikoli hupinda mwanga karibu sawasawa na PG. Mizani haioni maji, rifraktomita haioni sumu. Kinachoona ni kromatografia ya gesi, kipimo kinachotenganisha kemikali zilizochanganyika, na hiyo iko maabara: kwa Tanzania, Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye pia ndiye anayesajili wauzaji wa kemikali.

Kwa hiyo nunua pipa lenye muhuri wa kiwandani kutoka kwa aliyesajiliwa, na udai cheti cha uchambuzi chenye namba ya bechi ileile iliyo kwenye pipa. Isome kwa macho yako, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya CAS, ile ya kutambulisha kemikali, kwa PG ni 57-55-6. Ukiona 107-21-1 ni ethilini glaikoli. 111-46-6 ni daiethilini glaikoli. PG ya viwandani, hata kama ni halisi, haiingii kwenye kitu cha kunywewa wala kupakwa. Dawa ya kunywa usiitengeneze karakanani hata siku moja.

Ukihamishia kwenye chombo kidogo, lebo ihame nayo saa ileile: jina kamili, asilimia, kilichochanganywa, bechi, tarehe ya kufungua, jina la aliyemimina. Naiandika kwa kalamu ya wino usiofutika kisha napitisha selotepu pana juu yake, kwa sababu PG inafuta wino mwingi wa kalamu. Chupa za soda na za maji ya kunywa hazitumiki, wala zisikae karibu na meza ya kumiminia hata zikiwa tupu. Kutoka kila pipa jipya natoa mililita 100, naziandika bechi, nazifungia kabatini mpaka bidhaa zote za pipa hilo ziishe muda wake. Likitokea jambo, maabara itakuwa na cha kupima.

Na mtoto akinywa kitu kutoka dumu lisilojulikana, usimtapishe, usisubiri aonyeshe ugonjwa. Mwanzoni anaweza kuonekana kama aliyelewa, akatapika, akalala. Kupungua kwa mkojo kunakuja baadaye, figo zikiwa zimeshaumia. Hospitali wana dawa ya kuzuia madhara ikiwahiwa. Mchukue mtoto na dumu lenyewe, na kizibo chake, muende saa hiyohiyo.